Kipima udongo cha "tatu kwa moja" na mrehani wa manjano: kinunue kwa unyevu, pH isahau

Kichwa cha plastiki cha kijani, dirisha lenye mshale, swichi ndogo ya kusukuma, na miguu miwili ya chuma yenye urefu wa karibu sentimita 20. Betri hakina. Ndicho kipima udongo kinachouzwa kwenye maduka ya pembejeo na mitandaoni, kwa majina ya kibiashara mengi na umbo lilelile. Boksi linasema kinapima unyevu, mwanga na pH, yaani kiwango cha asidi ya udongo. Anayekinunua mara nyingi ana shida moja: mrehani umekuwa wa manjano, mnanaa umelala, kotmiri imenyauka kabla ya kuchumwa, naye anataka aambiwe kwa namba kosa liko wapi. Kwa kifupi, kati ya kazi hizo tatu moja kinaifanya vizuri, ya pili nusunusu, na ya tatu ni heri wasingeiweka kabisa.

Miguu ile ni ya metali mbili tofauti, mmoja kwa kawaida una rangi ya shaba na mwingine ni mweupe. Ukiichomeka kwenye udongo wenye maji inageuka betri ndogo, na umeme huo mchache ndio unaosukuma mshale. Kwa maana hiyo kifaa hakipimi maji yenyewe. Kinapima namna umeme unavyopita, nao unapita kwa maji pamoja na chumvi zilizoyeyuka humo. Chukua gilasi ya maji ya mvua uchomeke: mshale unajikokota. Tia chumvi ya mezani kiasi cha kushikwa na vidole viwili, koroga, chomeka tena: unaruka hadi mwisho. Maji hayajaongezeka hata tone. Jaribio hilo la dakika mbili linafaa kufanywa siku ya kwanza, kwa sababu ndilo linalokueleza lini uamini namba na lini usiamini.

Kwenye unyevu, kipimo kinaanza 1 hadi 10: nyekundu upande wa ukavu, kijani katikati, buluu upande wa maji mengi. Hapa ndipo kifaa kinapostahili pesa yake, lakini si kwa matumizi yaliyochorwa kwenye boksi, ya kuchomeka mara moja na kusoma. Faida yake kubwa ni kina. Kidole kinafika sentimita tano, saba ukijitahidi, na matatizo mengi ya viungo vya kwenye ndoo na vyungu yako chini ya hapo. Paka mistari mitatu ya rangi ya kucha kwenye mguu mmoja: sentimita 3, 8 na 15 kutoka nchani. Chomeka hadi mstari wa kwanza, subiri nusu dakika, soma, sukuma hadi wa pili, soma, kisha wa tatu. Toa, futa kwa kitambaa, rudia upande wa pili wa ndoo. Namba sita hizo zinasema mengi kuliko namba moja ya katikati.

Namba inayofichua makosa mengi ni hii: juu 2, katikati 5, chini 9. Uso wa udongo umekauka na kupasuka, mwenye mmea anaona ukame, anamwagilia kila jioni, na chini mizizi inakaa kwenye maji yasiyo na hewa. Majani ya chini yanakuwa ya manjano, mmea unalegea, naye anaongeza maji kwa sababu mmea uliolegea unaonekana una kiu. Unyaukaji wa kukosa maji na wa kuzidiwa na maji unafanana kwa macho kwa sababu sababu ya mwisho ni moja: maji hayafiki kwenye majani. Kwenye ukame hayapo, kwenye mafuriko mizizi ya kuyavuta imekufa. Mshale ulioko kwenye buluu kwa kina cha sentimita 15 huku majani yakining'inia unamaliza ubishi. Acha kumwagilia leo.

Halafu usiishie kwenye mshale. Laza ndoo ubavu, gonga, toa bonge la udongo likiwa zima. Mizizi yenye afya ni myeupe na ukiivuta inakataa. Iliyooza ni ya kahawia, inanuka, na ukiivuta kwa vidole ganda la nje linachomoka kama soksi na kuacha uzi mwembamba katikati. Ikiwa zaidi ya nusu iko hivyo, mrehani au mnanaa huo hautapona kwa kukaushwa. Kata ncha zenye afya za sentimita 10 hadi 12, ondoa majani ya chini, weka kwenye gilasi ya maji kivulini, badilisha maji kila baada ya siku mbili. Kwa kawaida mizizi inatoka ndani ya wiki moja hadi mbili, na ikifika sentimita 3 unaweza kupanda upya. Ndoo ya rangi iliyotobolewa tundu moja kwa msumari ndiyo chanzo cha kesi nyingi za namna hii. Toboa matundu sita, kila moja upana wa kidole kidogo, na uiinue juu ya vipande viwili vya tofali ili maji yatoke. Kokoto za kujaza chini ya ndoo hazisaidii; zinapandisha tu mahali ambapo maji yanasimama.

Kabla ya kuamini namba za unyevu, kizoeze kifaa na udongo wako. Mwagilia hadi maji yatoke chini, subiri saa moja, pima kwa kina cha sentimita 8 na uandike. Kisha acha hadi siku mmea unapoanza kulegea asubuhi (asubuhi, si saa saba mchana, maana mchana wa joto hata mmea mzima hulegea na kujiinua jioni), pima tena na uandike. Bandika namba hizo mbili kwa selotepu nyuma ya kichwa. Kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji huenda zikawa 7 na 3, kwenye udongo wa mfinyanzi 9 na 5. Rangi za boksi hazijui udongo wako.

Kuna mahali hata unyevu kinaukosea. Kwenye vumbi la nazi lililolegea sana miguu inagusa hewa kuliko udongo, nacho kinasema pakavu huku mkono ukilowana. Kwenye ndoo inayomwagiliwa maji ya kisima chenye chumvi, kama vilivyo vingi vya pwani, kinasema pamelowa siku mbili baada ya udongo kukauka. Dalili ya chumvi inaonekana bila kifaa: utando mweupe juu ya udongo na kwenye ukingo wa chungu, na majani yanayoanza kukauka kahawia kuanzia nchani na pembeni, ndipo manjano yanafuata. Kwangua sentimita moja ya juu utupe, halafu pitisha polepole maji ya mvua au ya bomba mara mbili ya ujazo wa chungu, yote yatoke chini. Chungu cha lita 10, maji lita 20. Ukikosa maji mengine zaidi ya hayo ya kisima, panda mchaichai, ambao unavumilia kuliko mrehani, na mnanaa uuache.

Mwanga ni kazi ya nusunusu. Seli ndogo juu ya kichwa inasoma mwanga wa papo hapo, lakini mrehani hauli mwanga wa papo hapo; unahitaji jua la moja kwa moja la kama saa sita kwa siku. Mshale wa saa nne asubuhi haukuambii kwamba ukuta wa jirani unaziba jua kuanzia saa sita. Kinachofaa ni kulinganisha: pima pembe mbili za baraza saa ileile, uone ipi inazidi. Ukiwa na subira ya kuangalia kivuli kinapotua saa tatu, saa sita na saa tisa, unapata jibu lilelile bure. Mrehani wenye njaa ya jua hautoi manjano makali. Unapauka wote, unarefuka, vipingili vinaachana, na harufu inapungua.

Sasa pH, na hapa sina upole. Ni ile betri ileile ya metali mbili, swichi imebadilisha tu namba zilizoandikwa kwenye dirisha. Udongo mkavu unatoa umeme mdogo, mshale unabaki karibu na 7 au 8. Ukimwagia maji, mshale unasogea upande wa asidi ilhali udongo haujabadilika. Boksi linashauri kusubiri dakika kumi, kusugua miguu, kulowesha udongo sawasawa. Fanya yote hayo na bado utakuwa unapima unyevu na chumvi kwa jina jingine. Anayetaka kuhakikisha achukue gilasi mbili za maji, moja akamulie ndimu nzima, nyingine atie kijiko cha chai cha magadi. Ndimu ni asidi kali, magadi ni kinyume chake kabisa. Mshale ukikimbilia upande mmoja kwa zote mbili, jibu umeshalipata.

Hili lingekuwa jambo la kucheka kama lisingeua mimea. Mtu wa Unguja au wa Mombasa ana mchanga uliotokana na matumbawe, umejaa chokaa kiasili. Anapima udongo uliolowa, mshale unasema 5.5, anasoma mahali kwamba udongo wa asidi hutiwa chokaa, anatia chokaa, au majivu ya jikoni ambayo yanafanya kazi ileile. Wiki kadhaa baadaye majani machanga ya juu yanatoka ya manjano huku vishipa vyake vikibaki kijani, kama ramani ya mito. Huo ni upungufu wa madini ya chuma, na chuma chenyewe kwenye udongo kipo, chokaa imekifunga. Mrehani na mnanaa vinapenda pH ya 6 hadi 7, na kadiri inavyopanda juu ya 7 mizizi inazidi kushindwa kukipata.

Kwa kulitambua hilo, siki ya kawaida inashinda kifaa. Weka udongo mkavu kijiko kimoja kwenye sahani, dondoshea siki, sogeza sikio. Ukitoa povu na mlio wa kuchemka, una chokaa ya kutosha, usiongeze chokaa wala majivu. Anayetaka namba anunue karatasi za kupimia asidi: sehemu moja ya udongo kwa mbili na nusu za maji, koroga, acha nusu saa, chuja kwa kitambaa, chovya karatasi. Maji yawe ya mvua au yale ya kuongezea betri ya gari, na uangalie vizuri chupa, kwani asidi ya betri nayo wengine huiita maji ya betri. Kwa shamba la kibiashara hata karatasi haitoshi. Peleka sampuli maabara, kama ya taasisi ya utafiti wa kilimo TARI Mlingano kule Tanga, ya Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro, au ya shirika la utafiti wa kilimo KALRO Kabete kwa walioko Kenya.

Dawa ya manjano ya chuma kwenye udongo wa chokaa si kufukia misumari yenye kutu. Kutu haiyeyuki humo. Tafuta mbolea ya chuma ambayo kwenye lebo imeandikwa EDDHA, maana ile ya EDTA inaachia chuma mapema pH ikishapanda. Fuata kipimo cha lebo na umwagie kwenye udongo, si kwenye majani unayokwenda kuchuma kesho. Njia ya rahisi zaidi ni kuachana na udongo huo: jaza ndoo kwa sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya mboji iliyoiva na moja ya mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni usiuguse.

Kuna toleo la bei ya juu lenye kazi ya nne, "rutuba". Nalo ni umeme uleule. Maji ya chumvi yatakuambia udongo una rutuba safi kabisa, wakati jani linaonyesha njaa. Njaa ya naitrojeni inasomwa kwenye mmea: majani ya chini, ya zamani, yanakuwa ya manjano sawasawa, vishipa kwa pamoja, huku machanga yakibaki kijani ingawa madogo. Mmea unahamisha naitrojeni kutoka kwa wazee kwenda kwa watoto. Chuma hakihamishwi, ndiyo maana njaa yake inaanzia juu. Ukishika tofauti hiyo moja, ya manjano ya chini na manjano ya juu, umepata kipimo ambacho hakiuzwi kwenye boksi. Kwa naitrojeni, kijiko cha chai cha Urea kilichosawazishwa ndani ya lita 10 za maji kinatosha, umwagie baada ya kulowesha udongo kwa maji matupu, mara moja kila wiki mbili. Ukizidisha utachoma mizizi, nawe utaona kingo za majani zimekuwa kahawia. Samadi mbichi inachoma vilevile, na vumbi la mbao lisiloiva linaleta njaa badala ya kuiondoa, kwa kuwa vijidudu vinavyoliozesha vinakula naitrojeni ya udongo kwanza.

Yako magonjwa ambayo kifaa hiki hakina habari nayo kabisa, na namba nzuri ya unyevu isikufanye utulie. Geuza jani la mrehani asubuhi na mapema. Kama juu kuna mabaka ya manjano yaliyokatwa na vishipa, na chini kuna manyoya ya kijivu yanayoelekea zambarau, huo ni ubwiri vinyoya. Si mgeni kwetu: mara ya kwanza uliripotiwa kwenye mrehani Uganda mwaka 1933, miaka mingi kabla ya kuonekana Uswisi 2001 na Florida 2007. Wengi wanaudhania njaa na kumwaga mbolea. Chuma majani yote yenye manyoya uyafunge kwenye mfuko, panda kwa nafasi ya sentimita 30, na umwagilie asubuhi chini ya shina, kamwe si jioni juu ya majani.

Mrehani ukinyauka upande mmoja tu, na shina lina michirizi ya kahawia, fikiria mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu wa udongoni. Ng'oa, udongo huo usipandwe mrehani tena. Ukidumaa na kulegea kila mchana ingawa mshale uko kijani, ng'oa mmoja uoshe mizizi: vifundo kama punje za mtama ni minyoo fundo, ambayo hupenda mchanga. Kwenye bustani, lowesha udongo, funika kwa nailoni angavu iliyobanwa pembeni, acha wiki nne hadi sita kwenye jua kali. Vidoa vidogo vya manjano kama vilivyochomwa kwa sindano, na utando mwembamba chini ya jani, ni utitiri. Mpira wa maji ukipigwa chini ya majani kwa siku tatu mfululizo unapunguza wengi.

Na kotmiri isikusumbue bure. Ikishaanza kutoa shina refu na majani membamba kama nyuzi, manjano ya chini ni uzee. Joto linaisukuma kuchanua. Haipendi kuhamishwa pia, maana ina mzizi mkuu mmoja. Rozmari ndiyo inayofaidika kuliko zote na kipima unyevu, kwa kuwa ikizidiwa na maji haisemi mapema. Ukiona vijani vinapauka na kupukutika, mizizi imeshakwenda. Usiimwagilie hadi mshale wa sentimita 8 ufike 2 au 3.

Alama, basi: unyevu 7 kati ya 10, mwanga 4, pH 1, na hiyo moja ni ya kuandika namba vizuri. Mwenye chungu kimoja cha mrehani dirishani hana haja nacho. Kijiti cha mishikaki kilichochomekwa sentimita 10 kwa dakika tano kinatoka na udongo ulioganda au kinatoka kikavu, na jibu ni hilo. Mwenye ndoo kumi na zaidi, au magunia marefu ambayo kijiti hakifiki, kitamsaidia, akijua anachokisoma.

Kukitunza si kazi ngumu, ila maelekezo yake yanapuuzwa: usikiache udongoni. Kikiwa betri, mguu mmoja unaliwa kila saa kinapokaa humo, na baada ya wiki chache mshale unalala. Soma, toa, futa, kausha. Mguu ukiwa na ukungu wa kijivu, usugue taratibu kwa sifongo ya kuoshea vyombo. Ukigonga jiwe, usilazimishe. Chomoa uhame, kwani miguu ikipinda na kugusana hakisomi tena. Kabla ya kulipa dukani omba gilasi ya maji ya bomba, sukuma swichi kwenye unyevu na uchovye miguu yote miwili. Mshale unatakiwa kupanda papo hapo, na ukitoa na kufuta urudi hadi mwanzo. Ukigandia njiani, omba kingine, kisha hicho nacho kichovye.